Nilipata kisukari mimba ya kwanza, sasa nina mimba nyingine na nimenenepa. Nipungue?

"Daktari, nina miaka 33, naishi Tanga. Katika mimba yangu ya kwanza niliambiwa nina kisukari cha mimba nikiwa na wiki 29, nikachomwa insulini mpaka nikajifungua kwa upasuaji. Mtoto alikuwa na kilo 4.3. Baada ya hapo sukari ikashuka, nikaambiwa nimepona, sikupima tena. Mtoto sasa ana miaka miwili na nusu. Mimba ile niliianza na kilo 68. Leo nina kilo 81, urefu wangu ni sentimita 160, na nina mimba ya wiki 9. Baada ya kujifungua nilitumia sindano ya uzazi wa mpango, watu wanasema ndiyo iliyoninenepesha. Kliniki wamepima mkojo wakasema hauna sukari. Mama mkwe ananiambia nile kwa ajili ya watu wawili. Wifi yangu anasema niache kabisa ugali na wali nipungue kabla tumbo halijakua. Najiona nimejitakia mwenyewe kwa kupenda soda na chapati. Silali. Je, nipunguze uzito sasa? Na mtoto huyu atakuwa salama?"

Dada yangu, umeniuliza kuhusu uzito na nitakujibu. Lakini kuna maneno mawili katika swali lako yaliyonishtua kuliko hizo kilo 81: "sikupima tena." Tuanzie hapo, kwa sababu ndipo penye jambo la kufanya wiki hii hii.

Kesho au keshokutwa asubuhi, kabla hujaonja hata chai, nenda ukapimwe sukari ya damu. Usisubiri wiki ya 24 hadi ya 28 ambayo wajawazito wengi hupimwa. Ratiba ile ni ya mama ambaye hatujui chochote kuhusu sukari yake. Wewe tunajua. Kwa mtu aliyewahi kupata kisukari cha mimba, kipimo cha kwanza kinatakiwa mapema kabisa, siku ya kwanza anapofika kliniki. Na ule mkojo usikupe utulivu. Mkojo unaweza kukosa sukari kabisa wakati damu imeshavuka kiwango, na unaweza kuwa na sukari wakati damu iko sawa, maana wakati wa mimba figo huiachia sukari ipite kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo mkojo hautoshi kukuambia una kisukari au huna. Omba kuchomwa kidole, au kutolewa damu ya mshipa.

Kwa nini naharakisha hivi? Kuna hali mbili zinazofanana kwa nje. Ya kwanza ni kwamba sukari yako ilirudi sawa baada ya kujifungua, na sasa tunailinda isipande tena mimba inapokua. Ya pili ni kwamba katika miaka hii miwili na nusu, huku uzito ukiongezeka, sukari ilipanda polepole bila kukuuma popote, na mimba hii imetungwa ikiikuta iko juu tayari. Hali hiyo ya pili haiitwi kisukari cha mimba. Ni kisukari cha kawaida ambacho mimba imekikuta nyumbani, na uzito wake ni mwingine, kwa sababu moyo, uti wa mgongo na viungo vingine vya mtoto hujengwa katika wiki hizi za mwanzo. Ukipima asubuhi bila kula ukapata chini ya 5.1 (namba zote za sukari hapa ni milimoli kwa lita, mmol/L), tutashukuru, kisha utarudia kwa kipimo kamili kati ya wiki ya 24 na 28. Ukipata 7.0 au zaidi, na damu ya mshipa ikathibitisha, basi ni kisukari kamili na matibabu yanaanza siku hiyo hiyo. Ukiangukia katikati, yaani 5.1 hadi 6.9, daktari wako ataamua pamoja nawe. Hapo wataalamu hawakubaliani wote kuhusu kutibu mapema kiasi gani. Utafiti uliotoka mwaka 2023, uliohusisha wajawazito wa Australia, Austria, Sweden na India, ulionyesha kwamba kuanza matibabu kabla ya wiki ya 20 kulipunguza kidogo matatizo ya watoto wachanga. Faida si kubwa, lakini kwa mama mwenye historia kama yako mimi ningeegemea upande wa kuanza mapema.

Wanaweza pia kukupima wastani wa sukari ya miezi mitatu, kile kipimo ambacho maabara hukiandika HbA1c. Ni kizuri kwa wiki hizi za mwanzo, ila kama una upungufu mkubwa wa damu au una selimundu waambie, maana majibu yake yanaweza kupotosha.

Sasa lile la kujitakia. Naomba ulitue mzigo huo. Kisukari cha mimba hakitoki kwenye chupa ya soda moja kwa moja. Kinatoka kwenye kondo la nyuma. Kondo hutengeneza homoni zinazoufanya mwili wa mama uwe mkaidi kwa insulini, ile homoni inayoitoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini, ili sukari ibaki kwenye damu muda mrefu zaidi na mtoto apate chakula hata mama akiwa amelala njaa. Ni mpango mzuri wa maumbile. Kongosho la mama linatakiwa kujibu kwa kuongeza insulini mara mbili au zaidi, na wanawake wengi hufanikiwa. Wengine kongosho lao lina kikomo cha chini kidogo, mara nyingi kwa sababu ya kurithi, na kondo linapokomaa kuelekea miezi mitatu ya mwisho, insulini haitoshi tena. Ndiyo maana wewe uligundulika wiki ya 29, na ndiyo maana sukari ilishuka kondo lilipotoka. Hukupona kitu, mzigo ulitolewa mgongoni. Kongosho ni lile lile, na sasa linaombwa kubeba mzigo ule kwa mara ya pili.

Hapo ndipo uzito unapoingia. Mafuta ya ziada, hasa yale ya tumboni, nayo huufanya mwili uwe mkaidi kwa insulini, mimba iwepo au isiwepo. Zile kilo 13 ulizoongeza ni kana kwamba unaanza safari na sehemu ya mzigo kichwani kabla kondo halijaongeza wake. Mwaka 2006 watafiti walichapisha uchunguzi wa wanawake zaidi ya 150,000 wa Sweden waliozaa mara mbili, wakaona kwamba kadiri uzito wa mama ulivyoongezeka kati ya mimba moja na nyingine, ndivyo hatari ya kisukari cha mimba, shinikizo la damu na mtoto mkubwa kupita kiasi ilivyopanda. Hata bila uzito kuongezeka, takriban nusu ya wanawake waliowahi kukipata hukipata tena. Nakwambia hivi ili ujiandae, si ili ukate tamaa. Na watu wanaosema ni sindano hawajakosea kabisa: sindano ya miezi mitatu huwanenepesha baadhi ya wanawake, si wote. Kumbuka hilo tutakapofika kwenye mambo ya baada ya kujifungua.

Mtoto wa kwanza alikuja na kilo 4.3, nawe unataka kujua kilitokea nini. Sukari ya mama huvuka kondo kwenda kwa mtoto. Insulini ya mama haivuki. Kwa hiyo sukari ikizidi upande wako, mtoto analazimika kutengeneza insulini yake mwenyewe, nyingi, na insulini nyingi humfanya ajenge mafuta, hasa mabegani na tumboni. Jørgen Pedersen, daktari wa Denmark, alilieleza jambo hili katika miaka ya 1950, na mpaka leo ndiyo msingi wa matibabu yetu. Linaeleza pia kwa nini watoto hawa hupimwa sukari saa chache baada ya kuzaliwa: kitovu kikikatwa, sukari ya mama inakoma ghafla, lakini insulini ya mtoto bado iko juu, hivyo sukari yake inaweza kushuka vibaya. Dawa ya kwanza hapo ni kumnyonyesha ndani ya saa ya kwanza.

Haya, uzito. Usipunguze uzito kwa makusudi ukiwa mjamzito. Wifi yako anakutakia mema, lakini ukiacha wanga kabisa mwili utaanza kuchoma mafuta kwa wingi na kutoa ketoni kwenye damu, kitu ambacho hatukitaki kimfikie mtoto. Mama mkwe naye anarudia alichoambiwa na mama yake, enzi ambazo tatizo lilikuwa njaa. Ukweli ni kwamba katika miezi mitatu ya kwanza huna haja ya karibu chochote cha ziada. Baadaye nyongeza inayotakiwa kwa siku ni ndogo, kama yai, ndizi moja na kikombe cha maziwa.

Kwa urefu na uzito wako, uwiano wa uzito na urefu ni karibu 32. Mapendekezo ya Taasisi ya Tiba ya Marekani ya mwaka 2009, yanayotumika sehemu nyingi, yanampa mama mwenye uwiano wa 30 na kuendelea nyongeza ya kilo 5 hadi 9 kwa mimba nzima. Mwenye 25 mpaka chini ya 30 hupewa kilo 7 hadi 11.5, na mwenye uzito wa wastani kilo 11.5 hadi 16. Ukishapita miezi mitatu ya kwanza, lenga kama robo kilo kwa wiki. Huenda utashangaa: mtoto peke yake ana kilo 3 na ushei, kondo zaidi ya nusu kilo, maji yanayomzunguka karibu kilo, mji wa mimba karibu kilo, damu iliyoongezeka zaidi ya kilo moja. Ukijumlisha unaona kwamba mama anayeongeza kilo 6 tu amekuwa akimlisha mtoto kwa akiba yake mwenyewe, pasipo mtu yeyote kushinda njaa. Nami nikiona hivyo kwenye kadi ya mama mwenye sukari iliyotulia na mtoto anayekua vizuri, nafurahi. Ikitokea katika wiki hizi za kichefuchefu ukapungua kilo moja au mbili bila kukusudia, usiogope.

Sahani yako ibaki sahani ya nyumbani. Nusu iwe mboga: mchicha, kisamvu, bamia, kabichi, matembele. Robo iwe maharage, kunde, dagaa, samaki, kuku au mayai. Robo iliyobaki iwe ugali, wali, ndizi au muhogo, tonge zisizozidi ukubwa wa ngumi yako. Dona ni bora kuliko sembe. Vinywaji ndipo pa kuwa mkali bila huruma. Soda ya mililita 300 ina sukari ya karibu vijiko 8 vya chai, na juisi ya embe au ya miwa haina nafuu, hata ikitengenezwa nyumbani. Embe lenyewe, vipande vichache baada ya chakula, halina shida.

Mlo wa kuangalia kuliko yote ni kifungua kinywa. Homoni za asubuhi huufanya mwili uwe mkaidi zaidi kwa insulini, kwa hiyo chakula kile kile kinachopita salama mchana kinaweza kurusha sukari asubuhi. Mama mmoja niliyemhudumia aliniletea daftari la hesabu la mwanawe, amelipiga mistari kwa rula: tarehe, alichokula, sukari saa moja baadaye. Asubuhi chapati mbili na chai ya maziwa yenye sukari, 9.4. Mchana ugali, dagaa na mchicha, 7.1. Alikuwa ameshaamua kwamba adui ni ugali. Tukaligeuza daftari tukalisoma pamoja, akabadilisha asubuhi peke yake: mayai mawili, kipande cha kiazi kitamu cha kuchemsha, parachichi, chai bila sukari. Ikawa 6.9. Ugali wake akaendelea nao. Na uji wa ulezi, ambao sisi sote tumelelewa tukiambiwa ni dawa ya mjamzito, kwake ulipandisha sukari karibu sawa na chapati, kwa sababu unga umesagwa laini, umeiva sana na unanyweka haraka. Kama huwezi kuuacha, kikombe kidogo, mzito, usio na sukari, pamoja na yai au karanga.

Ukiweza, nunua au azima mashine ya kupimia sukari uandike daftari lako. Tunalenga chini ya 5.3 asubuhi kabla ya kula, na chini ya 7.8 saa moja baada ya kuanza kula.

Baada ya kila mlo tembea dakika 10 hadi 15. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inaposhindwa kufungua mlango, na ndiyo maana kutembea baada ya kula kunasaidia kuliko kulala kisha kutembea jioni. Kama hutoki damu na daktari hajakukataza, kazi za nyumbani na kutembea ni salama kabisa.

Hayo yote unaweza kuyafanya kwa uaminifu na bado sukari ikapanda. Ikiwa hivyo, kubali dawa mapema. Metformini, vidonge vya kushusha sukari, hutumika, nayo huvuka kondo. Insulini haivuki, na ndiyo dawa tunayoijua kwa muda mrefu zaidi kwa wajawazito. Umeshawahi kuitumia, unajua kwamba ulipojifungua uliiacha. Wanawake wengi huichelewesha kwa kuogopa kwamba ukianza hutoki, na wiki zile za kusubiri ndizo mtoto anazonenepa.

Kuna mambo machache ya kumuuliza daktari ana kwa ana. Muulize kama unafaa kupewa aspirini ya kiwango kidogo ya kuzuia kifafa cha mimba; huanzwa baada ya wiki ya 12, na bora kabla ya wiki ya 16. Endelea na vidonge vya foliki na madini chuma. Fanya ultrasaundi ya kukagua viungo vya mtoto kati ya wiki ya 18 na 22, na nyingine baadaye za kufuatilia ukuaji. Na kwa kuwa una kovu la upasuaji na historia ya mtoto mkubwa, ambaye mabega yake yanaweza kunasa njiani, panga tangu sasa kujifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu. Zahanati ya karibu ni nzuri kwa mahudhurio, si kwa siku yenyewe.

Usisubiri tarehe ya kliniki ukiona kichwa kinauma sana kisichotulia, macho kuona ukungu, uso au mikono kuvimba ghafla, maumivu makali chini ya kifua, kutoka damu, kiu na mkojo mwingi pamoja na kutapika kusikokoma, au mtoto kupunguza kucheza baada ya kuwa ameshazoea kucheza. Nenda siku hiyo hiyo, hata usiku.

Umeniuliza kama mtoto atakuwa salama. Siwezi kukuahidi kitu ambacho hakuna daktari anayeweza kuahidi. Ninachokijua ni kwamba wajawazito wenye kisukari wanaojulikana mapema na kutunzwa sukari zao, wengi sana huzaa watoto wazima wenye uzito wa kawaida, na wewe uko wiki ya 9, mapema kuliko mara ya kwanza kwa miezi karibu mitano.

Ukishajifungua, watakuja wazee na mtori, supu na uji wa pilipili manga kwa siku 40. Wapokee, wanakupenda, ila sukari na siagi vipungue. Nyonyesha, maana kunyonyesha kunamsaidia mama mwenyewe kupunguza hatari ya kisukari baadaye. Zungumza na mkunga kuhusu kitanzi au njia nyingine badala ya sindano ile, na uache angalau miaka miwili kabla ya mimba nyingine. Mwanamke aliyewahi kupata kisukari cha mimba ana hatari karibu mara 10 ya kupata kisukari cha kudumu ukimlinganisha na ambaye hakukipata, na kupunguza hata kilo 5 au 6 kati ya hizo 81, polepole, baada ya mtoto kuzoea kunyonya, kunaishusha hatari hiyo sana.

Na safari hii usiondoke wodini mpaka nesi ameandika tarehe ya kupima sukari kwenye kadi ya mtoto. Ni rahisi kuikumbuka: wiki ya 6, siku ile ile unayompeleka mtoto chanjo. Utakunywa maji yenye gramu 75 za glukosi ukiwa hujala tangu usiku, utapimwa, kisha utarudia kupima kila mwaka. Mpe mumeo tarehe hiyo pia, aiandike kwenye simu yake.